Yai Jipya, Yai la Zamani na Yai Viza: Namna ya Kuyatambua

Katika vyakula vinavyopatikana kwa urahisi mjini na mashambani, ni vichache viwezavyo kulinganishwa na yai la kuku. Hupikwa kwa muda mfupi, huwajenga watoto mwili, na mtu mwenye kuku wawili au watatu uani mwake aweza kulipata pasipo kwenda sokoni. Lakini yai lina tabia moja ambayo vyakula vingine havina. Nyama ikiharibika, rangi yake hubadilika, samaki hujitangaza kwa harufu, maziwa huganda. Yai hukaa kimya ndani ya ganda lake. Lile lililotagwa leo asubuhi na lile lililotagwa mwezi uliopita huweza kulala katika kapu moja, pasiwe na tofauti yo yote ya kuonekana kwa macho. Wahenga walisema ya kuwa nyumba njema si mlango, na usemi huo walifaa yai kuliko kitu kingine cho chote cha jikoni.

Kwa sababu hiyo watu hupata hasara kwa njia tatu. Mama mmoja huvunja yai la kumi na mbili juu ya mayai kumi na moja mazuri yaliyokwisha kutiwa bakulini. Lile la mwisho ni viza, na chakula chote cha wageni humwagwa. Mama mwingine, kwa kuogopa jambo hilo, huyatupa mayai yaliyo mazima kwa kuwa tu yameelea majini. Na mama wa tatu humlisha mtoto wake yai jipya, safi, lisilo na harufu mbaya, lakini lililoiva nusu, na mtoto huyo akaugua. Hasara hizi zote hutokana na kosa moja, nalo ni kuchanganya maswali mawili yaliyo mbali mbali. Swali la kwanza ni hili: Je, yai hili lina umri gani? La pili ni hili: Je, ni salama kuliwa? Maji na taa hujibu swali la kwanza. La pili halijibiwi kwa maji wala kwa taa peke yake.

Mambo Yatokeayo Ndani ya Ganda

Ganda la yai, ijapokuwa laonekana kuwa limezibwa pande zote, lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana. Kwa vitundu hivyo kifaranga hupata hewa anapokua ndani, na kwa vitundu hivyo hivyo maji ya yai hutoka kidogo kidogo kama mvuke. Yai litokapo kwa kuku lina joto la mwili wake. Likipoa, vitu vilivyomo ndani hunywea, na nafasi ndogo ya hewa hufanyika katika upande wake ulio butu, baina ya ngozi mbili nyembamba zilizo chini ya ganda. Kila siku ipitayo nafasi hiyo huzidi kupanuka, kwa maana maji yanatoka na hewa inaingia mahali pake.

Wakati huo huo hewa ya kaboni dayoksaidi iliyokuwamo katika ute hutoka pia. Ute mzito, ambao mwanzoni ulishikamana kama uji mzito, hulegea ukawa kama maji, na utando unaokizunguka kiini hudhoofika. Mabadiliko haya yote si uozo. Ni uzee tu, kama vile mtu anavyoota mvi bila ya kuwa mgonjwa. Uozo ni jambo lingine: huja wakati bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinapopenya ganda na kuongezeka ndani yake.

Jambo linaloharakisha uzee na uozo pia ni joto. Yai lililowekwa juu ya kabati karibu na jiko, au dirishani penye jua, huzeeka upesi sana kuliko lenzake lililo katika friji. Kwa hiyo kuuliza yai lilitagwa lini hakutoshi. Yapasa kuuliza pia lilikaa wapi.

Jaribio la Maji

Hili ndilo jaribio lijulikanalo na watu wengi, na halihitaji gharama. Twaa bakuli lenye kina, ulijaze maji baridi, kisha ulitie yai polepole kwa mkono. Yai jipya huzama likalala ubavu chini kabisa. Likiwa na siku kadhaa, huzama vile vile, lakini ule upande wake butu huinuka kidogo, kwa sababu ndipo ilipo ile hewa. Likizidi kuzeeka, husimama wima huku ncha yake ikigusa chini. Mwisho wake huelea.

Watu wengi huamini ya kuwa yai lieleapo ni lazima liwe bovu. Hivyo sivyo. Kuelea kwake kwaonyesha ya kuwa maji mengi yametoka na hewa nyingi imeingia, basi. Yai lililokaa mahali pakavu na safi laweza kuelea nalo halijaoza, na yai lililozama laweza kuwa na vijidudu. Mwenye busara akiona yai linaelea, halipeleki jalalani mara moja wala halipeleki karaini. Hulivunja peke yake katika kikombe, akaliangalia na kulinusa, ndipo aamue.

Yako mambo mawili ya kuangalia katika jaribio hili. La kwanza, yai lenye ufa lisitiwe majini, kwa maana maji huingia kwa ufa huo na jibu litakuwa la uongo. La pili, yai lililokwisha kujaribiwa lisirudishwe kapuni kukaa siku nyingi. Kuku alitagapo yai hulipaka utando mwembamba unaokauka juu ya ganda na kuziba vitundu vyake. Maji huuharibu utando huo. Kwa hiyo yafaa kuyajaribu mayai yale tu yatakayopikwa siku hiyo.

Jaribio la Taa

Wauzaji wa mayai hawawezi kuyatia maji mayai yao yote, wala hawawezi kuyavunja. Kwao njia iliyo bora ni taa, na tangu zamani watu walitumia mshumaa kwa kazi hiyo. Siku hizi tochi ndogo yatosha, au hata taa ya simu. Toboa tundu katika boksi la karatasi ngumu, tundu lililo dogo kuliko yai. Weka taa ndani ya boksi, funga madirisha ili chumba kiwe na giza, kisha ushike yai juu ya tundu hilo, upande ulio butu ukielekea mwanga, na kuligeuza polepole.

Yai jipya huangaza lote kwa rangi ya waridi iliyopauka, na nafasi ya hewa ni ndogo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya yai la daraja la kwanza haliruhusiwi kuwa na nafasi ya hewa yenye kina kupita milimita 6. Kiini huonekana kama kivuli tu. Yai la zamani huonyesha nafasi kubwa ya hewa, na kivuli cha kiini huzunguka upesi mkono unapoligeuza, kwa sababu ute umelegea na haukishiki tena. Yai lililoanza kufanya kifaranga huonyesha mishipa myekundu iliyotapakaa mithili ya miguu ya buibui. Likionyesha duara la damu, kifaranga kilianza kisha kikafa. Na yai lililo jeusi ndani, lisilopitisha mwanga, halina haja ya kuchunguzwa zaidi. Yafaa ikumbukwe tu ya kuwa ganda la rangi ya kahawia hupitisha mwanga kwa shida kuliko ganda jeupe, hivyo jicho lahitaji mazoezi.

Iko desturi nyingine ya kulitikisa yai karibu na sikio. Likisikika kuchezacheza ndani, hakika ni la zamani. Lakini kimya chake hakithibitishi neno, na anayelitikisa kwa nguvu aweza kuliharibu lililokuwa zima.

Jaribio la Kikombe

Katika njia zote hakuna iliyo ya hakika kuliko kulivunja yai, na hakuna desturi ya jikoni iliyo rahisi na yenye kuokoa mali kama hii: kila yai livunjwe peke yake katika kikombe kwanza, ndipo limiminwe bakulini pamoja na mengine. Mpishi wa arusi anayevunja mayai thelathini moja kwa moja katika sufuria moja anacheza bahati nasibu kwa mali ya wenziwe.

Yai jipya likimiminwa katika sahani bapa, kiini chake huinuka kama kilima kidogo, na ute mzito hukizunguka na kusimama nacho. Yai la zamani hutawanyika sahanini, kiini kikawa bapa na kupasuka kwa urahisi. Mwaka 1937 Mmarekani aliyeitwa Raymond Haugh alitengeneza kipimo kwa kulinganisha kimo cha ute mzito na uzito wa yai, na kipimo hicho chenye jina lake kingali kinatumika katika biashara ya mayai duniani. Mama wa nyumbani aliangaliaye yai sahanini afanya jambo lile lile bila ya rula.

Yapo mambo yanayowatisha watu bure. Ute wenye ukungu kidogo ni dalili ya upya, kwa kuwa ile hewa ya kaboni haijatoka. Kamba nyeupe mbili zinazokishika kiini si kifaranga; kazi yake ni kukiweka kiini katikati. Tone dogo la damu juu ya kiini latokana na mshipa mdogo uliopasuka ndani ya kuku, na laweza kuondolewa kwa ncha ya kisu. Rangi ya kiini, kama ni ya manjano iliyokolea au iliyopauka, hutegemea chakula cha kuku, hasa majani mabichi na mahindi ya manjano, wala si umri wa yai. Hata ile rangi ya kijani izungukayo kiini cha yai lililochemshwa ni kwa sababu ya kuchemshwa muda mrefu kupita kiasi.

Lakini ute ulio wa kijani, wa waridi au mweusi katika yai bichi ni alama ya bakteria, na yai hilo litupwe. Na harufu ya yai viza haihitaji kuelezwa kwa ye yote aliyepata kuinusa. Harufu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa pilipili. Yai lenye harufu hiyo lisipewe mtu.

Hatari Isiyo na Harufu

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wakiona yai limezama, limeangaza vizuri, na kiini chake kimesimama, husema ya kuwa ni salama, nao hulila likiwa halijaiva. Lakini iko bakteria iitwayo salmonela, ambayo jina lake latokana na Daniel Elmer Salmon, daktari wa wanyama wa Marekani. Bakteria hii haibadilishi rangi ya yai, wala ladha, wala harufu. Huweza kuwa juu ya ganda kutokana na mavi ya kuku. Na aina yake moja huweza kukaa katika kizazi cha kuku mwenyewe, ikaingia katika yai kabla ganda halijafanyika. Yai la namna hiyo huwa na hatari tangu dakika ya kutagwa, ingawa ni jipya kuliko yote.

Aliyeambukizwa huumwa na tumbo, huharisha na kushikwa na homa, aghalabu baada ya saa 6 hadi siku 6. Watu wengi hupona katika muda wa wiki moja. Lakini kwa mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito, au mtu ambaye mwili wake umedhoofika kwa maradhi mengine, ugonjwa huu waweza kuwa mkali hata kuhatarisha maisha.

Uingereza ilijifunza somo hili kwa shida. Mwezi wa Desemba 1988 Edwina Currie, aliyekuwa naibu waziri wa afya, alisema hadharani ya kuwa sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo ilikuwa na salmonela. Watu waliacha kununua mayai, wafugaji walikasirika, naye akajiuzulu kabla ya mwezi huo kwisha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1998, wafugaji wengi wa huko walianza mpango wa kuwachanja kuku wao dhidi ya salmonela na kuyapiga mayai yao chapa ya simba. Ugonjwa ulipungua sana, hata mwaka 2017 idara ya serikali inayosimamia usalama wa chakula ilitangaza ya kuwa watoto, wazee na waja wazito waweza kula mayai yenye chapa hiyo hata yakiwa hayajaiva sana.

Somo lenyewe ni wazi. Kilichoondoa hatari huko si jicho la mnunuzi, bali kazi iliyofanywa bandani. Mnunuzi wa sokoni asiyejua kama kuku aliyetaga alichanjwa amebakiwa na silaha moja, nayo ni moto. Yai lipikwe hata ute na kiini vigande. Na chakula kilichochanganywa na mayai kifikie joto la digrii 71 za sentigredi. Anayevunja yai katika uji wa mtoto uliokwisha kuepuliwa asidhani ya kuwa amelipika. Arudishe sufuria motoni, uji uchemke tena huku akikoroga. Na wale vijana wanaokunywa mayai mabichi ili wapate nguvu wafahamu ya kuwa mwili hupata chakula zaidi katika yai lililopikwa kuliko katika lile lililo bichi.

Mafunzo kwa Mfugaji na Mchuuzi

Kuku wa kienyeji mara nyingi hujifichia kiota chake kichakani. Mwenye kuku akikiona kina mayai kumi na mawili, hufurahi na kuyapeleka yote sokoni. Na ahesabu kwanza. Kuku hatagi zaidi ya yai moja kwa siku, na mara nyingine hupumzika. Kwa hiyo la kwanza katika kiota hicho lina siku kumi na moja au zaidi, na pengine yote yamekwisha kupashwa joto na kuku anayetaka kuatamia. Mayai hayo yasiuzwe kama mapya. Yapimwe kwa taa, na yaliyo mazima yaliwe nyumbani upesi.

Afadhali kuku awekewe kiota safi chenye nyasi kavu, na mayai yaokotwe kila siku, tena mara mbili wakati wa joto kali. Yai moja laweza kuachwa kiotani, limetiwa alama ya mkaa, ili kuku asihame. Ambaye nia yake ni kuuza mayai, wala si kupata vifaranga, amtenge jogoo. Kwa maana kuku hutaga hata pasipo jogoo, na mayai hayo hayafanyi kifaranga hata yakipata joto.

Yai lenye uchafu kidogo lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Kulitia katika maji baridi ni kosa, kwa kuwa vilivyomo ndani hunywea na kuvuta maji machafu kupitia vitundu vya ganda. Yai lenye ufa lisiwekwe akiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa yai hauzibiki. Mayai yawekwe penye ubaridi, upande butu ukiwa juu, mbali na mafuta ya taa, vitunguu na sabuni, ambavyo harufu yake hupenya ganda. Mwenye kununua trei aandike tarehe kwa penseli, na mayai ya zamani yatangulie kuliwa. Asiye na friji asinunue zaidi ya yale yatakayoliwa katika wiki moja au mbili.

Neno la mwisho ni kwa mchuuzi wa mayai ya kuchemsha. Yafaa ajue ya kuwa yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko lililo bichi, kwa maana kuchemsha huuondoa ule utando uliokuwa ukilikinga. Lisikae katika joto zaidi ya saa 2. Achemshe machache mara nyingi kuliko mengi mara moja, asiyamenye mpaka mnunuzi aagize, na maji ya kunawia mikono yawe karibu naye. Kadhalika asiyatupe mayai ambayo maganda yake hushikamana na ute wakati wa kumenya, kwa kudhani ya kuwa yana ila. Mara nyingi hayo ndiyo mapya kabisa, na kama angeyaacha siku chache kabla ya kuyachemsha, yangemenyeka kwa urahisi.

Basi maji na yaulizwe umri wa yai. Taa iulizwe yaliyomo ndani. Kikombe, macho na pua viulizwe kama limeoza. Baada ya hayo yote, na hata kama majibu yote ni mazuri, liwekwe motoni hata ligande, kwa kuwa adui aliye mbaya zaidi ni yule asiyeelea, asiyeonekana, wala asiyenuka.